Mtoto akitembea kwa visigino: jinsi ya kukagua funza nyumbani, kuwatibu na kuwamaliza kwenye sakafu

Ukifika kijijini ukaona mtoto anatembea kwa visigino, au mzee ameanza kukanyaga kwa ubavu wa mguu kama mtu anayepita juu ya makaa, usianze kumuuliza maswali mbele ya watu. Mwite pembeni, tafuta beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni, muoshe miguu wewe mwenyewe polepole, alafu umfute kwa kitambaa kikavu na mkae pahali pana mwanga wa jua. Hapo ndo kazi inaanza.

Naandika hii manake kila Disemba nashuhudia jambo lile lile. Watu wanarudi nyumbani kutoka Mombasa, Nairobi, wengine mpaka Saudia na Oman, wanamkuta nyanya yao miguu imejaa funza, wanalia, wanatoa pesa, wananunua viatu jozi tano na sabuni katoni nzima, wanapiga picha ya pamoja wanarudi mjini roho zimetulia kidogo, wakija Aprili wanakuta hali ni ile ile na viatu vimewekwa juu ya kabati visichakae. Mi nimezunguka boma kwa boma huku ndani ya Kilifi, mbali na lami, kama mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka sasa, na kitu kimoja nimekielewa ni kwamba pesa yetu inaenda mguuni wakati ugonjwa uko sakafuni. Mguu ni pale tu mdudu anapokuja kumalizia maisha yake. Ukitibu mguu ukaiacha sakafu, umempa funza wa wiki ijayo mguu safi.

Kwanza tuelewane majina. Sisi Kenya tunasema funza. Zanzibar na sehemu nyingi za Tanzania watakwambia tekenya, na ukitaja funza kule wengine watafikiri unasema mabuu ya kwenye nyama iliyooza au wadudu wa pamba, kwa hiyo ukiongea na ndugu wa huko taja tekenya. Wakikuyu wanamwita ndutu, Rwanda utasikia amavunja, Uganda envunza. Ni mdudu mmoja, kiroboto mdogo sana, urefu wake kama milimita moja, na yule anayeingia kwenye ngozi ya mtu akakaa ni jike. Dume halichimbi, linauma na kunyonya damu kama viroboto wengine, alafu linalifuata jike pale pale lilipojichimbia ili kulipandisha.

Kukagua mguu

Anza pembeni ya kucha na chini ya kucha, hapo ndo wanapopenda zaidi, alafu katikati ya vidole, kisigino, na ule ukingo wa unyayo. Usiishie hapo. Mtoto anayetambaa au kukaa chini mwangalie mikono, viwiko, magoti na makalio, na mzee anayelala kwenye mkeka hivyo hivyo, manake funza hana nguvu ya kuruka juu sana, anaingia kwenye kile kilicho karibu na udongo. Kwa watu wengi hicho ni mguu. Kwa mtu anayeshinda ardhini ni mwili wowote unaogusa ardhi.

Unachotafuta kinabadilika kulingana na siku. Siku ya kwanza ni kidoti chekundu tu kinachowasha, unaweza kudhani ni mbu. Ndani ya siku mbili tatu kinakuwa duara jeupe lenye doti jeusi katikati, na hiyo doti jeusi ikumbuke vizuri sana manake ndo mkia wa mdudu, kichwa kiko ndani kinanyonya damu, na kwa hiyo tundu ndogo nje anavuta pumzi, anatoa kinyesi na kutaga mayai. Wiki mbili zikifika ameshavimba mpaka ukubwa wa punje ya dengu au mbaazi, mguu unauma, na ukiangalia kwa makini unaweza kuona vitu vidogo vyeupe vimenata pale juu. Hayo ni mayai. Yanatoka kwa mamia katika maisha ya jike moja, yanaangukia chini pale mtu alipokaa. Baada ya wiki tatu kwenda tano mdudu anakufa mwenyewe, panakuwa peusi na gamba kavu, alafu gamba linatoka linaacha kashimo ambako kanapona polepole.

Sasa mtu atasema, kama anakufa mwenyewe si tumwache? Shida ni kwamba kwenye nyumba yenye funza mmoja anakufa leo na watatu wanaingia usiku huo huo. Nimehesabu zaidi ya 50 kwenye miguu ya mzee mmoja nikaacha kuhesabu. Na kila tundu ni mlango wa bakteria: usaha, mguu kuvimba, kucha kung'oka, vidole kupinda, na pepopunda kwa mtu ambaye hajachanjwa. Watu wanakufa kwa hii kitu, tusidanganyane. Mwaka 2010 kule Busoga, mashariki mwa Uganda, funza walishamiri mpaka serikali ikatangaza vifo kama 20.

Chukua daftari uandike umekuta nani ana wangapi na wapi. Usitegemee kichwa. Utahitaji hizo namba baadaye.

Wanapatikana wapi, na kwa nini pale na si hapa

Funza si wa Afrika kwa asili. Walitoka Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na mpaka leo wako kutoka Mexico mpaka kaskazini mwa Argentina. Inajulikana kwamba mwaka 1872 meli ya Waingereza inayoitwa Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikafika Ambriz pale Angola ikiwa imebeba mchanga wa kuiweka sawa majini, mchanga ukamwagwa ufukweni na funza wakiwemo. Kutoka pale wakapanda miguu ya wapagazi, askari na misafara ya biashara wakaipita Kongo yote, na kabla ya karne ile kuisha walikuwa wameshafika pwani yetu huku na kuvuka mpaka Madagaska. Nalitaja hili kwa sababu moja tu: kuna wazee huku wanaamini kabisa funza ni laana ya ukoo au mtu ametumiwa. Mdudu huyu ana historia ya safari, alikuja kwa meli, na babu wa babu zetu hawakumjua. Laana gani hiyo inayohitaji mchanga wa Brazil?

Kenya Wizara ya Afya imekuwa ikitaja makadirio ya watu milioni 1.4. Utawakuta Pwani Kwale na Kilifi, Kati kule Murang'a na sehemu za Kiambu, Magharibi Kakamega, Vihiga na Bungoma, na Siaya upande wa Nyanza. Tanzania utawasikia Kigoma. Uganda ni Busoga, na Karamoja huko Napak ambako watafiti walikagua vijiji wakakuta zaidi ya nusu ya watu wanao. Rwanda, Burundi na Kongo pia wapo. Hapa Kilifi, maeneo ya Kakuyuni na Malanga, watu zaidi ya elfu moja walikaguliwa na kama robo yao walikuwa na funza.

Lakini hizo ramani zisikudanganye ukadhani kaunti nzima iko sawa. Ugonjwa huu uko vipande vipande. Shule moja hukuti hata mtoto mmoja, ya jirani unakuta darasa zima. Kijiji kimoja nyumba kumi ziko sawa na mbili ndo zimebeba karibu funza wote. Kwa hiyo swali la maana zaidi ni nyumba ipi, ndani ya nyumba ni chumba kipi, na nani analala pale.

Msimu nao unahesabika. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi na udongo mkavu, ndo wanazidi, masika ikipiga wanapungua. Hii ni nafasi yako: kama una pesa kidogo ya kutumia mara moja kwa mwaka, itumie mwanzo wa kiangazi kabla hawajapanda, usifuate tu siku unayopata likizo.

Kukagua nyumba

Hii ndo sehemu watu wanairuka na ndo nataka uipe muda zaidi. Ingia ndani uinamishe macho. Mayai yakianguka yanatoa mabuu baada ya siku tatu nne hivi, mabuu yanakaa kwenye vumbi la juu juu, sentimita chache tu, yanakula uchafu mdogo mdogo wa kwenye udongo, yanajifunga kama kifuko, na wiki tatu kwenda nne tangu yai litoke una funza mpya mwenye njaa. Anataka vitu vitatu: udongo mkavu uliolegea, kivuli, na kiumbe chenye damu kinacholala karibu. Sasa niambie ni wapi nyumbani pana hivyo vyote kwa pamoja. Ni chini ya kitanda. Ni pembeni ya mkeka wa watoto. Watafiti waliochota udongo majumbani huku Kenya waliwakuta mabuu pale pale watu wanapolala, na wengine kwenye madarasa yenye sakafu ya udongo.

Nilikuwa nadhani wanatoka uwanjani wanakocheza watoto. Siku moja nikapewa boma la watoto sita, nikatibu wote, nikarudi baada ya wiki nikakuta wanne wako safi na wawili wana wapya, nikashangaa manake wanacheza pamoja, wanaenda shule moja, wanakula sinia moja. Mama yao ndo akaniambia kwa utaratibu tu, wale wanne wanalala kwa shangazi yao kwenye nyumba ya simiti, hawa wawili wanalala na nyanya. Tangu siku hiyo kila nikifika boma swali langu la kwanza ni "jana mlilala wapi", na la pili, "na nani".

Kwa hiyo angalia hivi. Sakafu ni ya udongo? Piga kisigino chini, kama vumbi linapanda au kuna nyufa, hiyo ndo hatari kubwa kuliko zote. Watu wanalala chini au kitandani? Kuku, mbuzi, mbwa au paka wanalala ndani? Maji yako mbali kiasi gani, manake kama mtungi unabebwa kilomita tatu hakuna mtu atakayeosha miguu kila jioni, maji hayo ni ya uji. Sabuni ipo? Nani anafagia na anafagilia wapi, manake wengine wanasukuma vumbi kutoka sebuleni mpaka pembe ya chumba cha kulala linabaki pale.

Alafu angalia watu. Wanaoumia zaidi ni watoto wa umri wa shule, kama miaka 5 mpaka 14, wavulana zaidi ya wasichana, na kwa upande mwingine wazee wa zaidi ya miaka 60. Ongeza hapo mtu mwenye ulemavu, mtu aliyepooza, mwenye shida ya akili, mlevi anayelala popote, mzee ambaye hawezi kuinama kuona nyayo zake wala hana macho ya kuona. Wote hawa wana jambo moja, hakuna mtu anayewaangalia miguu. Mtoto anayelelewa na nyanya mwenye mtoto wa jicho, hao wawili wako hatarini kwa pamoja, na ni nyumba za aina hiyo nyingi sana huku kwetu kwa sababu vijana wameenda kutafuta kazi mjini. Uvivu sijauona mimi. Naona umaskini na upweke.

Kutibu

Nianze na vya kuacha. Acha pini, wembe, mwiba wa mdimu. Najua sote tulikua tukitolewa hivyo, mama anakuketisha jua la saa tatu anakutoboa, na kuna watu wana mkono mzuri kweli. Lakini mdudu aliyevimba akipasukia ndani anabaki vipande na kidonda kinaharibika, na ile pini moja inazunguka watoto wote wa boma, inabeba damu ya huyu kwenda kwa yule, na damu inaweza kuwa na homa ya ini au virusi vya ukimwi. Kama ni funza mmoja au wawili ndo wameingia, mtu aliyefunzwa mwenye sindano safi ya dispensari anaweza kutoa. Zaidi ya hapo usiguse.

Acha mafuta ya taa, petroli, maji ya betri, na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe. Nimeona ngozi ya mtoto imeungua mpaka nyama kwa hiyo dawa ya ng'ombe, na funza wengine bado walikuwa wazima mle ndani.

Dawa ninayoiamini zaidi kwa sasa ni dimetikoni ile nyepesi, ni aina ya mafuta yanayotengenezwa na hutumika pia kwa chawa wa kichwani. Haina sumu ya kumuua mdudu. Inatambaa tu inaingia kwenye ile doti jeusi niliyokwambia uikumbuke, inaziba tundu analopumulia. Osha mguu, kausha kabisa, dondosha pale kwenye doti jeusi, rudia mara tatu ndani ya dakika kumi, mgonjwa asikanyage chini mpaka ikauke. Usimpake karibu na jiko wala koroboi, mafuta haya yanashika moto. Kwenye jaribio lililofanyika Kenya likachapishwa mwaka 2014, baada ya siku saba funza 78 kati ya 100 waliopakwa dimetikoni walikuwa wamekufa, na kwa wale waliotibiwa na pamanganeti, ile dawa ya zambarau ninayoieleza hapo chini, ni 39 kati ya 100. Ubaya wake ni kupatikana, si kila duka la dawa linayo na bei si ya mtu wa kijijini, kwa hiyo kama wewe ndo uko mjini au ng'ambo unauliza utume nini, ulizia hiyo dimetikoni kabla hujafikiria viatu.

Pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau, ndo utakayoikuta sana kwenye vituo vyetu. Inasafisha vidonda, funza inawaua lakini si wote. Ikizidi nguvu inaunguza ngozi, kwa hiyo mwache mhudumu aipime, na maji ya beseni moja yasitumbukizwe miguu ya watoto kumi. Ikikosekana yote, huku Kenya wamejaribu pia mchanganyiko wa mafuta ya mbegu za mwarobaini sehemu moja na mafuta ya nazi sehemu nne, na mgonjwa alipata nafuu ya uvimbe na maumivu. Mi mwenyewe naupenda kwa sababu nazi tunayo na mwarobaini uko kila ua, ila siwezi kukwambia unashinda dimetikoni.

Chochote utakachotumia, mdudu aliyekufa mwache kwenye ngozi. Hili linawasumbua sana watu, wanaona bado kuna kitu cheusi wanadhani dawa haijafanya kazi wanaanza kuchokonoa. Ngozi itamsukuma nje yenyewe wiki zikienda.

Mpeleke hospitali, usingoje, mtu mwenye usaha mwingi, mguu uliovimba na moto, homa, harufu mbaya, kidole kimebadilika rangi kuwa cheusi, mtu wa kisukari, mtoto mchanga. Na kwa kila mwenye vidonda vya funza uliza chanjo ya pepopunda, ni sindano ambayo haina gharama kubwa na huwa tunaisahau.

Sakafu, maji na wanyama

Siku hiyo hiyo unayopaka dawa mguuni, nyumba nayo ishughulikiwe, si kesho. Toa kila kitu nje, mikeka, magodoro, nguo, vianike kwenye jua kali kutwa nzima na vikung'utwe mbali na mlango. Nyunyiza maji sakafu ilowe vizuri ndo ufagie, ukifagia kavu unarusha vumbi na mayai yake kona nyingine. Takataka hizo zichomwe au zizikwe. Alafu kandika, udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu uliokandwa vizuri, ziba kila ufa, piga mpaka pakae kama sinia, na hii irudiwe kila inapopasuka. Hukupata simiti ya nyumba nzima? Usiseme basi. Weka simiti chumba kimoja, kile wanacholala watoto na mzee, hata pale chini ya kitanda na hatua mbili kukizunguka. Mfuko mmoja au miwili ukichanganya na mchanga inafika mbali kuliko jozi tano za viatu. Rwanda na Uganda kuna shirika linaitwa EarthEnable linalopiga sakafu za changarawe na udongo ulioshindiliwa alafu zikapakwa mafuta ya mimea yanayokauka yakawa magumu, unaweza kupiga deki kabisa, na ni bei nafuu kuliko simiti.

Dawa ya kupulizia inasaidia kama afisa wa afya ya umma ndo anapulizia kwa vipimo, watu wakiwa nje. Lakini wale walio kwenye vifuko vyao chini ya vumbi wanaweza kuponea, kwa hiyo kupulizia mara moja tu usikuhesabu.

Wanyama. Nguruwe ndo anabeba wengi sana kwa wanaofuga, hasa huko Uganda, mbwa na paka pia, mbuzi, na panya ambao hakuna anayewahesabu. Kagua nyayo za mbwa wako kama ulivyokagua za mtoto, kwenye vile vinyama laini vya chini utaona duara jeupe na doti jeusi vile vile. Ongea na mtu wa mifugo akupe dawa ya mbwa au nguruwe. Na wanyama walale nje. Najua kwa nini wanalala ndani, wezi wapo na fisi wapo, basi wajengewe banda lenye mlango karibu na nyumba, lakini wasilale chumba kimoja na watoto.

Kila siku baada ya hapo

Kuosha miguu kwa sabuni kila jioni kabla ya kulala. Hiki ndo kitu rahisi kuliko vyote, na ndo kigumu kuliko vyote pale ambapo maji ni ya kununua. Lita moja ya maji inatosha miguu miwili ukitumia kikombe kumimina, na maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na mafuta yanafaa. Kipande cha sabuni kitobolewe kifungwe kamba kining'inizwe pale pale, ukikiweka ndani kitaenda kufulia.

Viatu vizuri, lakini usiviwekee imani yote. Ndala ziko wazi pembeni, na hakuna mtoto analala na viatu, wakati hatari kubwa iko pale anapolala. Huko Madagaska walilinganisha watu waliopewa viatu na watu waliojipaka mara mbili kwa siku mafuta ya kufukuza wadudu yaliyotengenezwa kwa nazi na mimea mingine, na waliojipaka ndo walikingwa zaidi, viatu vilikuwa havivaliwi kila wakati. Nazi tupu si sawa kabisa na mafuta yale, lakini kupaka mafuta ya nazi kwenye nyayo jioni baada ya kuosha, kwa mtoto na kwa mzee, ni kitu cha kufanya hata kama huna kingine.

Na jinsi ya kuongea nao

Siku moja lilikuja kundi la watu wa msaada kwenye shule moja, silitaji jina, wakapanga watoto mstari, walio na funza upande huu, wasio nao upande ule, kamera zikawaka, miguu ikatumbukizwa kwenye mabeseni. Yule msichana wa darasa la tano niliyekuwa namfuatilia nyumbani hakurudi shule muhula mzima. Funza wake walikuwa saba tu, wangeisha kwa wiki tatu.

Kwa hiyo tibu faragha. Usimwambie mtu mchafu. Usimwambie nyanya "mbona umeacha watoto wakawa hivi", manake huyo nyanya ndo aliyebaki nao. Mwambie "nyanya, kuna wadudu kwenye hii sakafu, tuwatoe pamoja", utaona anavyoinuka mwenyewe kutafuta jembe. Mkubwa aoshwe miguu mbele ya wadogo, au wewe mgeni wa mjini uanze na yako, ili kusiwe na anayeoshwa kwa sababu ni mgonjwa. Na mwalimu aambiwe pembeni, mtoto akiwa hajiwezi kutembea asilazimishwe gwaride.

Rudi siku ya saba na lile daftari. Hesabu weupe wenye doti jeusi ambao ni wapya, hao ndo wanakwambia kama sakafu bado ina kazi, wale weusi waliokauka usiwahesabu. Paka dawa wapya tu, nyunyiza maji, fagia, ziba nyufa. Rudia kila wiki mpaka wiki ya nane, manake wa wiki ya nne ni watoto wa mayai yaliyokuwa chini siku ulipoanza, ukiacha pale utakuwa umewaachia mbegu. Kama unarudi mjini kabla ya hapo, muachie daftari mtu mmoja anayejua kusoma, hata awe mtoto wa darasa la sita, mpigie kila Jumapili akusomee namba. Beseni na sabuni viache hapo hapo mlangoni.